Fomu ya Miezi Sita

Saa kumi na mbili na nusu, Mbalizi.
Ukungu umelala juu ya boneti kama blanketi la kambi:
la kijivu, bichi, la kuazimwa.
Nagonga tangi la dizeli kwa kifundo cha kidole.
Linajibu nusu.

Asajile, dereva, anapuliza viganja vyake.
"Afande Subilaga, lori hili halijaenda popote.
Toka Januari limefika Uyole mara mbili kuchukua viazi,
likarudi. Tia tiki, tukanywe chai."

Asajile, mdogo wangu,
chuma hakihesabu safari peke yake.
Kinahesabu na kukaa.
Mpira huzeeka ukiwa umesimama,
betri hufia usingizini,
na maji, ya ukungu huuhuu unaomsifia mchumba wako kwenye simu,
huingia kwenye dizeli tone kwa tone,
bila kupiga saluti.

Vuta kijiti. Futa. Chomeka. Vuta tena.
Oili nyeusi, ila inateleza vidoleni, haina mchanga.
Andika.
Mkanda wa feni, bonyeza kwa gumba.
Andika.
Nati za magurudumu usizitazame, zigonge,
uzisikilize. Iliyokaza hulia kama kengele ya shule,
iliyolegea hulia kama debe.
Hii ya nane imelia debe.
Andika, kisha kaza,
kisha andika kwamba umekaza.

(Aliyenifundisha hivi ni Sajenti Mbwilo.
Sikio lake moja lilikwisha kuzibwa na injini za miaka thelathini,
lililobaki alilitunza kwa ajili ya nati.
Hakuwa msemaji. Siku moja tu alisema,
tochi ikiwa bado mdomoni, hata nikamwomba arudie:
gari la jeshi kazi yake ni kungoja,
na hakuna kazi inayochakaza kama hiyo.)

Nalala chali juu ya gunia, chini ya lori.
Saruji inaninyonya joto la mgongo.
Matope ya Uyole yamekaukia kwenye chasisi,
na katikati ya matope, kweli kabisa,
kiazi kimoja, kidogo kama goroli,
kimechipua.
Nacheka peke yangu huko chini. Asajile anauliza kuna nini.

Kisha mpira wa breki, nyuma kushoto.
Naukunja kidogo.
Hapo.
Ufa mwembamba kama mstari wa kiganja.
Hauvuji bado. Umelowa tu,
kama jicho la mtu anayejizuia.

Asajile anachuchumaa, anaangalia.
Habari ya chai imekwisha.
Anaujua mteremko wa Iwambi, nani asiyeujua,
ile harufu ya breki zilizoungua
inayopanda hadi kwenye mashamba ya watu.
Usipoziba ufa, wahenga walisema. Lakini wahenga walijenga kuta.
Ufa wa aina hii hauzibwi.
Unafunguliwa kwa spana namba kumi na saba, unatupwa.

Stoo umebaki mpira mmoja.
Luvanda wa stoo anataka saini tatu.
Nazunguka kambi nzima, napata saini tatu.

Agosti, kuruta ishirini na wawili watapakiwa nyuma ya lori hili.
Watashuka Iwambi wakibishana juu ya mpira,
mmoja atatapika, kwa sababu ya maandazi,
na watafika.
Hakuna atakayetuma rambirambi.
Ajali isiyotokea haina kaburi,
haina hata jina la barabara;
ina kisanduku cha kumi na nne, ukurasa wa pili,
wino wa bluu, na doa la grisi pembeni.

Chai imepoa.
Asajile ameanza gari la pili bila kuambiwa.
Namsikia kutoka hapa anagonga nati:
kengele, kengele, kengele.
Ananyamaza.
Anagonga tena ileile.