Wageni wa Siku Moja

Halmashauri imenipa wiki kumi na mbili,
fulana mbili za njano, koleo la kuokotea taka,
na redio ya mkononi ambayo upande wa pili
hakuna mtu.

Mimi wa Kondoa, kwetu maji ni ya kuchimba,
ndiye mlinzi wa ufukwe wa Porth Eirin, Wales.
Gethin alicheka: "Bahari inajilinda, Mwasiti.
Wewe linda mchanga."

Jumamosi ile ya Julai, saa nne asubuhi, uwanja wa magari umejaa.
Saa tano wameegesha juu ya nyasi, juu ya mtaro,
mbele ya geti la Emrys,
na ng'ombe wake, viwele vimevimba,
wanatazama paa za magari
kama wadai mlangoni.

Nilikuwa na kihesabio. Nikibonyeza, kinalia ta.
Watu elfu tatu mia sita na kumi na wawili.
Vyoo vinne.
Kimoja kimefungwa tangu Pasaka.

Majiko ya bati, ya kutumia mara moja,
wanayafukia yakiwa na moto. Mchanga hauna uso,
hauonyeshi kilicho chini.
Mtoto wa miaka minne akakanyaga.
Nikambeba hadi majini, nikamshika mguu ndani ya baridi,
nikamwimbia sijui nini, Kirangi nadhani,
na gari la wagonjwa nikalisikia
likilia nyuma ya magari arobaini
dakika hamsini na mbili.

Siwachukii.
Mama yake alitoka Birmingham kwa petroli ya kudunduliza,
watoto watatu, hakuna aliyewahi kuonja chumvi ya bahari.
Walikuja kupumua. Nani atamnyima mtu pumzi?
Jioni wakaondoka wote, na bahari ikabaki
ikitapika nepi na chupa,
na buabua mmoja anazunguka, anazunguka
juu ya mahali palipokuwa na mayai.

Februari, ukumbi wa halmashauri.
Madiwani kumi na mmoja, chai, biskuti za tangawizi.
Ombi: walinzi wawili, msimu mzima, mishahara kamili.
Mhasibu akasema ufukwe ni bure,
vya bure havina fungu.
Bi Prytherch akasema, tuweke kibao.

Vibao tunavyo kumi na vinne, kwa lugha mbili.
Kibao hakina miguu.
Kibao hakijawahi kumbeba mtoto.

Nikapewa dakika tatu. Nikasema:
kwetu mgeni ni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Mkalimani kwenye visikizio akasita,
akatafuta jembe katika Kiwelshi, akalipata.
Nikasema: hawa wetu ni wageni wa siku moja.
Hula, huoga, huondoka
kabla jembe halijatoka stoo.
Siku ya tatu yao hufika, lakini wao hawapo.
Basi nani alime?

Kimya. Mtu akavunja biskuti.
Emrys, ambaye si diwani, aliyekuja na matope yake,
akasema kutoka nyuma: "Ng'ombe wangu wameelewa."

Wakapiga kura. Wakapitisha mlinzi mmoja na nusu.

Nilitaka kuuliza nusu ipi,
ya mikono au ya miguu,
na siku ya joto nusu hiyo isimame wapi.
Lakini mhasibu alikuwa keshafunga jalada,
na nusu, wallahi, ni zaidi ya kibao.

Sasa ni Aprili, manyunyu.
Buabua wamerudi kutoka Afrika,
hawakungoja bajeti.
Tunazungushia kamba mahali watakapotaga.
Kamba ina ncha mbili.
Moja ameshika Gethin, mwenye ajira nzima.
Ya pili ameishika nusu mtu,
kwa mikono yote miwili.