Zamu ya Usiku, Kitangari

Somoe alirudi likizo kutoka Masasi
na kipande cha chaki mfukoni.
Akachora ukutani, kando ya geji ya presha,
chombo chembamba kama bua la mtama.

"Baba, hakuna injini moja ifikayo mbali.
Roketi ya moto ina nguvu, ila ni mlafi:
dakika nane, tangi kavu.
Injini ya ioni, msukumo wake
ni uzito wa karatasi kiganjani,
lakini haichoki, husukuma miaka.
Na tanga la mwanga halili kitu,
ila jua likibaki nyuma, nalo hulegea.
Basi tunaziunganisha. Kila moja na zamu yake."

Zamu naijua.
Miaka ishirini na sita nasukuma maji
kutoka bondeni hapa hadi Newala.
Pampu ya kwanza hupandisha hadi tangi la kati,
ya pili hudaka hapo, ikamaliza kilima,
kisha mteremko huyashusha bure hadi kioski,
kisha shingo ya mwanamke hadi jikoni.
Injini nne, ukihesabu na shingo.

Nikamwambia: mwanangu, injini si kazi.
Kazi ni kupokezana.
Pampu ikizimwa kabla mwenzake hajashika
maji hurudi kwa kishindo,
bomba hulia kama limepigwa nyundo.
Mwaka mmoja lilipasuka.
Tulichimba siku tatu, mji ukanywa maji ya madumu.
Huko kwenu, nani atakwenda kuchimba?

Akanyamaza. Akaandika: *valvu*.

Nikauliza tena: na iliyolala,
nani anabeba uzito wake?
"Inakatwa, Baba. Ikimaliza kazi inaachwa."

Nikamwonyesha kona.
Ile injini ya dizeli, chini ya turubai,
ina umri kumzidi mama yake.
Ulipokuja umeme wa gesi ya Msimbati
mhandisi alisema iuzwe chuma chakavu.
Nikaitikia ndiyo, nikaificha.
Gridi ilipozima siku nne, mwezi wa Ramadhani,
ndiyo iliyokohoa, ikatema moshi, ikashika,
watu wakafuturu.

"Huko kila kilo ina bei, Baba."
"Na hapa je?"

Tukakaa hivyo, pampu ikinguruma kati yetu.
Saa tisa usiku akafuta mchoro kwa kiganja,
akaanza upya.
Safari hii aliacha kisanduku kidogo ubavuni.
Hakukiandika jina.

Amesharudi shule.
Fundi wa mchana ameandika namba ya simu
juu ya tanga la mwanga.
Kisanduku bado kipo.
Hukitazama kila nibadilishapo pampu:
nafungua ya pili taratibu,
nahesabu hadi saba,
ndipo naifunga ya kwanza.