Kitako cha Kikapu

Guangzhou nilikwenda kununua mabeseni.
Sikwenda kutembea, naliweka wazi mapema,
maana hapa Miyomboni watu wakisikia "Asia"
wanadhani nilikwenda kula upepo.
Nilikuwa na orodha: mabeseni mia sita,
ndoo zenye vifuniko,
vikapu vya plastiki vya rangi ya waridi,
vilevile vilivyomfukuza shangazi yangu Sekalinga
kutoka mlango wa soko hadi kona ya mfereji.

Siku ya tatu, nyuma ya ghala, nikapotea.
Kichochoro chembamba kama mshono.
Nguo mbichi zikidondosha maji vichwani mwa wapita njia,
fundi kalala, shavu juu ya cherehani,
mtoto anafanya hesabu juu ya gunia la vitunguu saumu,
na mzee mmoja, kandambili moja ya bluu, moja ya kijani,
anasuka mianzi.

Sikujua neno lake hata moja, yeye hakujua langu.
Lakini kile kidole gumba kilichopasuka katikati,
mpasuko unaojazwa mafuta ya mgando kila jioni,
nilikijua.
Nilikikanda utoto wangu wote kule Kalenga,
mwezi wa saba, baridi ikituuma masikio.

Akanisogezea kigoda. Nikakaa.
Akanipa ubale wa mwanzi, nikaupitisha
juu, chini, juu,
kama nilivyofundishwa kwa milulu na makofi.
Akacheka.
Akaufumua mzunguko wangu wote, akauanza upya.
Nikasubiri akimalize, nikakinunua hichohicho,
sikuomba apunguze.

Mabeseni yalikuja kwa meli.
Kikapu kilikuja mapajani mwangu,
ndani yake soksi na karatasi za forodha.

"Kamwene," nikamwambia shangazi, nikampakatisha.
Hakuitikia. Alikinusa kwanza.
"Mwanzi huu haujawahi kugemwa. Hauna utamu."
Akakigeuza kitako juu,
kama mkunga na kichanga kisichotaka kulia.
"Huyu anaanzia kushoto.
Hapa alipumzika. Hapa aliitwa kula.
Hapa," akabonyeza kwa ukucha,
"palipita mkono usiojua, ukafumuliwa,
mwanzi umebaki na kovu."

Sikuwa nimemwambia.

"Anaitwa nani?"
Muuza karanga akapita akichezesha sarafu.
"Nimekuuliza, anaitwa nani?"
Sikumwuliza, shangazi.
"Umekalia kigoda cha mtu,
umeharibu kazi ya mtu,
na jina lake hukuliuliza."
Aliniadhibu kwa ukimya mpaka adhuhuri,
akiloweka milulu, akinirushia maji kidogo
kwa makusudi.

Ijumaa nikampelekea chapati mbili za kuomba radhi.
Kikapu hakipo.
Alikuwa amekitia mkono wa milulu, akakiuza
elfu kumi na mbili, kwa mama mmoja wa Makambako,
akabebee viazi.

"Shangazi! Ile ilikuwa zawadi!"
"Kikapu kikitundikwa ukutani kinasahau kazi."
Akamega chapati.
"Nimemwambia yule mama kimesukwa na ndugu yangu
wa mbali. Mwenye mgongo mbovu.
Maana mtu hapumziki mara tisa kwa kikapu kimoja
kama mgongo ni mzima."

Nimerudi dukani, nimefungua marobota.
Waridi, waridi, waridi.
Nimechukua kimoja, nikakigeuza kitako juu,
nikapapasa kwa ukucha
nitafute mahali alipoitwa mtu kula.
Kuna nambari tano,
na chunusi ndogo pale plastiki ilipong'oka kwenye chuma.

Mteja anauliza bei.
Namtajia.