Hesabu ya Gololi za Kauri

Nimeipindua baiskeli ya Chola, matairi juu,
mlangoni pangu, Katuba, vumbi bado limelala.
Mstari wa chaki ubavuni mwa tairi.
Nasukuma mara moja, kidole kile kile,
nakaa kimya, nahesabu.

Gololi za chuma: mizunguko themanini na tisa,
kisha gurudumu likasita, likarudi nyuma kidogo
kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Za kauri, nilizozitoa kwenye pampu
iliyotupwa na watu wa mgodi:
mia mbili na sita.
Mwanangu Kapya alipata mia mbili na tisa.
Nimeandika yake. Macho yake hayajala moshi wa kulehemu.

Bibi alivaa kauri tatu kwenye uzi.
Sikudhani jina lile lingefika humu,
ndani ya kitovu cha gurudumu,
jeupe, gumu, lisilojua kutu.

"Basi nitakuwa mwepesi kiasi gani?"
Chola amechuchumaa. Magunia matatu ya makala,
kilometa sitini za barabara ya Kasenga,
nusu yake akisukuma kwa kifua.

Nageuza mfuko wa simenti, naandika.
Tairi la viraka saba, juu ya mchanga: wati sabini.
Gololi za chuma: nusu wati.
Za kauri: tuseme robo.
Nafuta. Naandika tena. Inatoka ile ile.

Halafu aibu ikanishika:
zile za chuma sikuziosha.
Nikaziloweka petroli, nikazipaka grisi mpya,
nikasukuma. Mia moja na sabini na nne.

Kumbe nilikuwa napima uchafu.
Na gurudumu tupu nalo lina uongo wake,
halijabeba mtu, halijabeba gunia,
linajisifu hewani.

Nikamwambia yote, hata kuhusu bariere,
dakika arobaini na faranga elfu mbili,
ambazo sikujua nizigeuze wati ngapi.

Chola akasimama, akapangusa magoti.
"Niwekee za kauri. La mbele tu."
Nikamwonyesha karatasi. Robo wati, ndugu yangu.
"Nimesikia. Lakini nikilala chini pale mlimani,
niipindue hivi, nilisukume kidogo,
nilitazame likienda bila mimi."

Nikachukua spana.
Kapya bado alikuwa anahesabu.