Butiaba hadi Wanseko

Mlima nimeuacha nyuma. Sasa njia imelala chali,
sina kilima cha kukilaumu;
upepo tu, umenikaba kifuani
kama mdai.

Bugoigo: ukuta wa ghala la zamani,
juu yake mbuzi
anacheua historia.

"Empaako yako nani?" aniuliza mama mwenye beseni la muziri.
"Atenyi!" nampigia kelele bila kushuka,
na kwa jina hilo miguu yapata nguvu
hata mnyororo ukome kukohoa vumbi.

Kisha mchanga,
matuta yaliyorundikwa na Mwitanzige, ziwa muua nzige.
Gurudumu lazama hadi ekseli.
Naibeba begani baiskeli
iliyonibeba tangu alfajiri.

Wanseko bado.
Nyuma yangu mstari mmoja wa tairi,
halafu nyayo.