Msichore Njia

Siku ya kwanza Tellervo Kuusniemi hakutupa kitabu.
Alitusogeza dirishani, ghorofa ya tatu, Oulu, mwezi wa Januari,
saa tatu asubuhi na bado kiza,
akasema: tazameni chini, mniambie nani kaikata ile.

Chini ya taa, uwanja wa theluji,
mweupe kama karatasi ya mtihani wa mtu aliyekata tamaa.
Na katikati yake njia,
nyembamba, imekanyagwa ikakakamaa,
kutoka kituo cha basi hadi mlango wa maktaba.
Haimo kwenye ramani.
Hakuna mkandarasi aliyelipwa. Hakuna kikao kilichoijadili.

"Basi itengenezeni," akasema. "Ila msichore njia.
Anayechora njia ametia jibu ndani ya swali
kisha anajipongeza kwa kuliokota.
Andikeni miguu."

Tukaandika miguu.
Vidoti mia mbili kwenye kompyuta, kila kimoja na akili ya kisoda,
kila kimoja na mambo matatu tu kichwani:
kule ndiko niendako;
theluji mbichi inachosha;
aliyepita kabla yangu kanipunguzia kazi.
Hakuna kidoti kinachouona uwanja mzima.
Tukaongeza theluji ya kuanguka, ifute taratibu
kila unyayo usiopata mwenzake.

Tukabonyeza.
Mwanzo vurugu, siafu waliomwagiwa maji.
Kisha kimoja kikakifuata kingine, si kwa mapenzi, kwa uvivu,
cha tatu kikafuata nyayo za wawili,
na mbele ya macho yetu ukajiandika mstari
ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuandika.
Jalmari, ambaye hacheki, alicheka.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini kibaba kikishajaa
ndicho kinachoamuru haba ya kesho idondokee wapi.

Yetu ilinyooka. Ile ya dirishani ina kiwiko.
Ikikaribia maktaba inapinda kushoto,
inazunguka pahali patupu, inarudi,
kama mtu anayempisha mgonjwa asiyeonekana.

Tukapandisha uvivu, tukashusha uvivu.
Tukaongeza upepo, wazee wenye viatu vibaya,
wapenzi wanaotaka kutembea sambamba.
Wapi. Kiwiko hakikuja.
"Modeli ikikukosea, ishukuru," akasema Tellervo. "Nenda kaulize."

Nikashuka na daftari, nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Wino ukaganda, nikaazima penseli.
Kwa nini unapinda hapa? Niliuliza watu thelathini na wanne.
Kwa sababu njia inapinda.
Mmoja alinitazama kwa huruma.

Ni Irja wa kantini, aliyetoka nje kuvuta sigara,
aliyesema kana kwamba ni jambo la jana:
"Pale palikuwa na kibanda cha soseji.
Walikibomoa, mwaka wa saba huu.
Haradali yake ilikuwa kali."

Miaka saba. Kiangazi nyasi zinaishikilia njia,
baridi ikija theluji inaipokea.
Waliokula soseji wamehitimu, wameoa, wengine wana vipara.
Na hawa wa leo, ambao hawajawahi kunusa moshi wake,
wanakizunguka.

Nikarudi juu kwa vidoti vyangu.
Nikaweka kibanda. Nikaviacha vizoee. Nikakiondoa.
Vikaendelea kupinda.

Njia ya mwongo fupi, nasikia.
Usiku ule nilinyoosha: nikapita katikati ya kibanda kisichokuwepo,
theluji ikinifika magotini,
hatua arobaini na tatu, nilizihesabu.

Asubuhi nikakimbilia dirishani.
Ilikuwa imeanguka nyingine. Za kwangu zilibaki vivuli tu,
vijishimo vya kubahatisha.
Saa mbili unusu mtu mwenye kofia nyekundu akashuka kwenye basi,
akafika penye kiwiko, akasimama.

Akaangalia kushoto.
Akaangalia mbele.