Kanyaboli

Ukishuka Kadenge, acha lami,
fuata harufu ya tope.
Hutaliona ziwa. Utaona mafunjo,
vichwa vimetimka kama vya watoto walioamka sasa hivi.
Ziwa liko nyuma yake, dogo,
halina gati, halina meli.

Nyagori humpima ngege kwa kiganja:
"Huyu ni wa kwetu. Wa Kisumu walishaliwa."
Mbuta aliingia ziwa kuu, akala,
akashiba, akala tena.
Huku mafunjo yalimzibia njia,
hata hakujua nyumba ina chumba cha uani.

Nilicheka.
Akamtia ngege chunguni: chumvi,
nyanya moja iliyopondeka, basi.

Tonge la pili, mwiba ukanikwama,
na baba, miaka kumi na minne kaburini,
akanigonga mgongo:
meza ugali, usitafune, meza.

Sikumwambia Nyagori. Nililipa,
nikauliza pikipiki zinapita saa ngapi.
Ndani ya mafunjo nzohe alibweka mara moja,
mabua yakatikisika, yakatulia.

Mwiba mwingine, mdogo, uko kwenye ufizi.
Nimefika Siaya nao.
Siutoi.